Mahindi ya GMO: Usalama wa Sahani na Usalama wa Hori

Swali moja halikosi katika mabaraza ya kilimo na afya: "Je, GMO ni salama?" Ni swali la haki. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha na cha ubora unaokubalika, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari kuhusu bidhaa anazonunua. Hata hivyo, likiulizwa hivyo, swali lenyewe halijibiki. Ni sawa na kuuliza iwapo dawa za hospitali ni salama. Mhudumu wa afya atakuuliza: dawa gani, kwa mgonjwa gani, na kwa kipimo gani?

Ndivyo ilivyo kwa mahindi yaliyobadilishwa jeni. Kila badiliko hupewa jina lake, faili yake na uamuzi wake. Kuidhinishwa kwa moja hakuidhinishi jingine, na kasoro ya moja haithibitishi kasoro ya yote. Kazi ya kuamua ni ya serikali ya kitaifa kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, NBA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2009. Lakini kilimo cha nyanjani ni kazi ya kaunti, na kwa hivyo maswali ya wakazi huanzia kwetu. Somo hili linaeleza wapimaji huangalia nini, kwa nini mahindi ya ugali na mahindi ya mifugo hayafai kutenganishwa katika upimaji, na ni hatari zipi ambazo faili ya GMO haizigusi kabisa.

Kilichobadilishwa ni nini?

Tuchukue mfano mmoja ambao Wakenya wana sababu ya kuujua: badiliko liitwalo MON810. Mahindi yenye badiliko hili yamefanyiwa majaribio na KALRO katika mashamba yaliyozungushiwa ua huko Kiboko, Makueni, na Kitale. Shida iliyolengwa ni funza wa mabua, yule anayetoboa shina na gunzi, akamwachia mkulima mahindi yaliyoanguka au yenye matundu.

Kwenye udongo kuna bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Bakteria huyu hutengeneza protini zinazoua baadhi ya viwavi. Wanasayansi walichukua jeni inayotengeneza mojawapo ya protini hizo, iitwayo Cry1Ab, wakaipachika kwenye mahindi. Funza akila shina, protini hiyo hunasa kwenye vipokezi maalumu vilivyo katika ukuta wa utumbo wake, ikautoboa, naye hufa. Utumbo wa kiwavi si wa asidi. Tumbo la binadamu, la nguruwe na la kuku lina asidi kali, na matumbo yetu hayana vipokezi vile. Dawa za kunyunyizia zilizotengenezwa kwa bakteria huyo zimetumika mashambani kwa miongo mingi, hata na wakulima wasiotaka kemikali za viwandani.

Hapo watetezi wengi wa GMO husimama na kudai kesi imekwisha. Haijaisha. Dawa ya kunyunyizia huoshwa na mvua na kuharibiwa na jua, ilhali protini iliyomo ndani ya mmea iko ndani ya punje, na punje huliwa kila siku. Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba bakteria ni wa zamani. Lazima punje yenyewe ipimwe.

Wapimaji huanzia wapi?

Njia inayofuatwa na nchi nyingi, Kenya ikiwemo, ilikubaliwa na Tume ya Codex Alimentarius mwaka wa 2003. Tume hiyo iko chini ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo. Wazo lake kuu ni kulinganisha: mahindi mapya huwekwa kando ya mahindi ya kawaida yaliyo karibu nayo zaidi kwa ukoo, kisha tofauti zote hutafutwa na kuchunguzwa.

Kuna sababu ya kulinganisha badala ya kutafuta chakula kisicho na dosari. Mahindi tuliyoyazoea yana dosari zake. Yana upungufu wa asidi amino ziitwazo lisini na triptofani. Ndiyo sababu githeri yenye maharagwe hushinda mahindi matupu. Yana asidi ya fitiki, ambayo hupunguza madini ya chuma na zinki yanayofyonzwa na mwili. Hakuna aliyewahi kuyapima mahindi ya kawaida kwa miezi kabla ya kuyaruhusu mezani. Tunayaamini kwa sababu vizazi vimeyala. Mpimaji basi huuliza: je, haya mapya yameongeza hatari yoyote juu ya zile tunazoishi nazo tayari?

Kwanza huangaliwa jeni yenyewe: imetoka wapi, imeingia mara ngapi, imekaa sehemu gani ya DNA ya mahindi, na je, inarithiwa bila kubadilika kizazi baada ya kizazi? Jeni ikitua katikati ya jeni nyingine inaweza kuizima, au kuifanya itengeneze kitu kisichokusudiwa. Sehemu hii ni ya maabara na haina mengi ya kumsisimua msomaji, lakini faili isiyo nayo hurudishwa.

Kisha protini mpya. Mpangilio wake hulinganishwa kwa kompyuta na mpangilio wa sumu na vizio vinavyojulikana, yaani vitu vinavyoleta mzio, kama vile vilivyo katika karanga, maziwa, mayai na samaki. Baadaye huwekwa katika chupa yenye asidi na pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kwa joto la mwili, na sampuli huchotwa kila baada ya muda mfupi. Protini nyingi za kawaida huvunjika upesi. Protini inayokataa kuvunjika hutiliwa shaka, kwa sababu vizio vingi vya chakula vina tabia hiyo. Cry1Ab huvunjika ndani ya dakika chache. Protini hiyo pia ilipewa panya ikiwa safi, kwa kiasi kilichofika miligramu 4,000 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na hawakuonyesha dalili ya kudhurika. Hicho ni kiasi ambacho hakuna binadamu angekifikia kwa kula ugali.

Hatua inayofuata ni ya shambani. Mahindi mapya na ndugu yake wa kawaida hupandwa bega kwa bega katika maeneo kadhaa yenye udongo na mvua tofauti. Mavuno hupimwa protini, mafuta, nyuzi, asidi amino, vitamini, madini na ile asidi ya fitiki. Tofauti huwa hazikosekani, kwa kuwa hata mbegu moja ikipandwa bonde na mlima haitoi punje zilezile. Cha kuangaliwa ni iwapo tofauti imetoka nje ya kile ambacho mahindi ya kawaida huwa nacho.

Mwisho huja mifugo na panya. Panya hulishwa mahindi hayo kwa siku 90, kisha damu yao, ini, figo na viungo vingine huchunguzwa. Kuku wa nyama hulishwa kwa takriban siku 42, yaani kutoka kifaranga hadi kuuzwa. Kuku huyu ni shahidi mzuri: anakua kwa kasi mno, na lishe ikiwa na upungufu, uzito wake husema upesi.

Lipo swali moja zaidi ambalo sisi tunaliona kuwa zito kuliko yote kwa mkazi wa Kenya: mahindi yataliwa kiasi gani, na nani? Mmarekani hula sehemu kubwa ya mahindi yake yakiwa yamegeuka nyama, mayai, mafuta na sukari. Hapa kwetu mahindi ni uji asubuhi, githeri mchana na ugali jioni, na mtoto huanza kuyala akiwa na miezi sita. Faili iliyoandikwa kwa mlo wa Chicago haijamjibu mama anayemwachisha mtoto ziwa. Mkazi ana haki ya kuuliza iwapo hesabu ya ulaji iliyotumika ni ya Wakenya.

Maharagwe yaliyokataliwa na mahindi yaliyopenya

Watu huuliza kama vipimo hivi viliwahi kuzuia chochote, au ni muhuri wa kupitisha tu. Viliwahi. Katika miaka ya 1990, kampuni ya Pioneer ya Marekani ilitengeneza soya yenye jeni kutoka kokwa za Brazil, ili kuongeza methionini, asidi amino ambayo lishe ya kuku huikosa. Soya hiyo ilikusudiwa mifugo. Lakini kuna watu ambao kokwa za Brazil huwadhuru, na damu yao ilipotumiwa kupima soya mpya, ilionekana kwamba mzio ulikuwa umehamia ndani ya soya. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1996. Soya hiyo haikufika sokoni. Huko Australia nako, njegere zilizotiwa jeni ya maharagwe ziliachwa mwaka wa 2005 baada ya panya waliozila kuonyesha dalili za mzio, ingawa jeni ilitoka kwenye chakula kinacholiwa kila siku.

Funzo kubwa zaidi, na linalotuhusu moja kwa moja, ni la mahindi ya StarLink. Haya nayo yalikuwa ya Bt, lakini protini yake ilikuwa nyingine, Cry9C. Protini hii ilichelewa kuvunjika tumboni na ilistahimili joto. Wapimaji wa Marekani hawakuwa na uthibitisho kwamba inaleta mzio, ila hawakuweza kuiondolea shaka. Wakakata shauri ambalo kwa macho lilionekana la busara: mwaka wa 1998 waliiruhusu kwa chakula cha mifugo pekee. Binadamu asile.

Mnamo Septemba 2000, mahindi hayo yaligunduliwa ndani ya chapati za mahindi zilizouzwa madukani kwa watu. StarLink ilikuwa imepandwa kwenye chini ya asilimia 1 ya eneo la mahindi la nchi hiyo, lakini chavua ilisafirishwa na upepo, magari na maghala yalichanganya punje, na wakulima wengine hawakujua au hawakujali sharti. Bidhaa zaidi ya 300 ziliondolewa madukani. Watu kadhaa walisema wamedhurika. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo kilipopima damu, hakikupata ushahidi kwamba Cry9C ndiyo iliyowadhuru. Hata hivyo hasara ilikuwa imeshatokea, na wasimamizi wa Marekani waliacha kabisa kuruhusu mahindi ya aina hiyo kwa mifugo peke yake.

Ikiwa nchi yenye maghala makubwa, vyeti na wakaguzi wengi ilishindwa kujenga ukuta kati ya hori na sahani, hapa kwetu ukuta huo ungejengwa na nani? Gunia linalokataliwa na mwenye kinu cha unga huuzwa kwa mtengenezaji wa chakula cha kuku. Njaa ikibana, lile la kuku hurudi sokoni likapimwa kwa gorogoro. Pumba za kinu hulisha ng'ombe, na ng'ombe hutupa maziwa. Kwa maoni yetu, ombi lolote la kuleta nchini mahindi ya GMO "kwa mifugo tu" lisomwe kana kwamba yataliwa na watoto, kwa sababu baadhi yake yataliwa na watoto.

Maziwa, mayai na nyama

Wafugaji huuliza kama jeni ya mahindi hupita hadi kwenye maziwa. Kila chakula cha mmea kina DNA. Ukila sukuma wiki umekula jeni za sukuma wiki. Tumboni DNA hukatwakatwa vipande vidogo. Vipande vya DNA ya mimea vimewahi kuonekana katika miili ya wanyama, vikitoka kwa lishe ya kila aina, wala si ya GMO tu. Hakuna ushahidi kwamba jeni nzima iliyopachikwa huhamia kwenye mnyama ikafanya kazi humo. Ng'ombe hawi GMO kwa kula mahindi ya GMO, kama vile hawi nyasi kwa kula nyasi.

Panya wenye uvimbe

Picha za panya wenye uvimbe mkubwa bado husambazwa kwa simu. Zilitoka katika utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini na wenzake, uliochapishwa Septemba 2012. Walilisha panya 200 kwa miaka miwili. Baadhi walipewa mahindi ya NK603, badiliko la kustahimili dawa ya kuua magugu, wala si lile la Bt tulilolieleza hapo juu. Walisema panya hao walipata uvimbe na kufa mapema. Novemba mwaka huohuo, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO.

Kasoro ya utafiti huo inaeleweka hata bila shahada. Kila kundi lilikuwa na panya 10 tu wa jinsia moja, na panya wa aina iliyotumiwa hupata uvimbe kwa wingi wakizeeka, hata wakila chakula cha kawaida. Ukiwa na panya 10 ambao wengi wao wangeugua hata hivyo, tofauti ya wawili au watatu inaweza kuwa bahati tu. Jarida lililouchapisha liliuondoa Novemba 2013, nao ukachapishwa tena kwingine mwaka uliofuata. Umoja wa Ulaya haukuishia kubishana. Ulilipia majaribio mengine yaliyopangwa upya, likiwemo la miaka miwili la kulisha panya NK603 na la mwaka mmoja la MON810. Hayakupata madhara yaliyosababishwa na mahindi hayo. Hivyo ndivyo hofu inavyopaswa kujibiwa: kwa kurudia kipimo vizuri zaidi, si kwa kumcheka aliyeogopa.

Marufuku ya Kenya iliondolewa na Baraza la Mawaziri tarehe 3 Oktoba 2022. Uamuzi huo ulipingwa kortini, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilitoa amri ya kusimamisha utekelezaji wake hadi rufaa isikizwe. Korti huangalia pia kama wananchi walishirikishwa, jambo ambalo maabara haliwezi kulijibu.

Faili ya GMO haikukingi na nini?

Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki Makueni, Kitui na maeneo jirani baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, yaani sumukuvu. Waliougua walikuwa 317. Mahindi yale yalikuwa ya kawaida kabisa, mengi yakiwa ya shambani mwao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Tunataja hili kwa sababu mjadala wa GMO humeza masikio yote, kisha gunia la nyumbani halitazamwi na yeyote. Kuvu huingia kwa urahisi kwenye punje iliyotobolewa na wadudu. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mahindi ya Bt huwa na fumonisini kidogo, sumu nyingine ya kuvu, kwa kuwa yametobolewa kidogo. Kwa aflatoksini matokeo hayajawa thabiti hivyo, maana ukame na uhifadhi mbaya huchangia pakubwa. Mtu akikwambia mbegu ya GMO itamaliza sumukuvu, amepita mipaka ya ushahidi. Mahindi yawe ya aina gani, yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kufungiwa. Kiwango cha juu cha aflatoksini kinachoruhusiwa na KEBS ni sehemu 10 kwa bilioni, na kuvu huweza kuwepo bila kuonekana kwa macho. Usimpe ng'ombe au kuku mahindi yaliyoota kuvu ukidhani umeokoa hasara. Sumu hiyo hupita kwenye maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi.

Faili ya chakula haijibu pia maswali ya shamba. Afrika Kusini imekuza mahindi ya Bt tangu miaka ya mwisho ya 1990, na meupe ya kuliwa na watu tangu 2001. Kabla ya miaka kumi kutimia, wataalamu waliona funza wa mabua aliyezoea MON810 na kuyala bila kufa. Hilo halikuyafanya mahindi kuwa sumu kwa mlaji, lakini lilimrudisha mkulima dukani kununua dawa. Bei ya mbegu, na iwapo mkulima ataruhusiwa kuihifadhi kwa msimu ujao, ni maswali mengine mazito ambayo panya hawezi kuyajibu.

Mkazi anaingia wapi?

NBA ikipokea ombi la kuachilia mmea wa GMO au kuuweka sokoni, hutangaza na kualika maoni ya umma kwa maandishi katika muda unaotajwa kwenye tangazo. Huhitaji wakili wala profesa. Maoni yanayosema tu "tunakataa" au "tunaunga mkono" huhesabiwa, lakini swali mahususi hulazimisha jibu. Taja jina la badiliko. Uliza protini mpya ilichukua muda gani kuvunjika tumboni, mahindi yaliyolinganishwa yalipandwa wapi na kwa misimu mingapi, ulaji uliohesabiwa ni wa nchi gani, na kama ombi ni la mifugo pekee, punje zitatenganishwaje na za unga kuanzia bandarini hadi sokoni. Ukitaka usaidizi wa kuandika, fika katika ofisi ya kilimo ya wadi yako.

Dukani, kanuni za mwaka wa 2012 zinataka bidhaa yenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO iandikwe hivyo kwenye kibandiko. Kanuni hiyo humsaidia anayenunua unga wa pakiti. Anayenunua mahindi kwa gorogoro hana kibandiko cha kusoma, naye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuona upimaji ukifanywa sawasawa kabla gunia halijashuka kwenye lori.